Maumivu ya usiku wiki ya tatu baada ya kuhamishwa neva ya kiwiko: lipi la kawaida, lipi la kuwahi hospitali?

Mlezi_Zamu

Habari zenu wakuu. Nauliza kwa niaba ya mgonjwa ninayemuuguza. Ni mtu mzima wa miaka 54, hana kisukari wala shida ya figo. Neva ya ulna, yaani mshipa wa fahamu unaopita kiwikoni hadi kidole kidogo, ilikuwa imebanwa nyuma ya kiwiko cha kulia, akafanyiwa upasuaji wa kuihamishia mbele, chini ya ngozi. Nyuzi zilitolewa siku ya 13, kidonda kimefunga, homa hana, usaha hakuna.

Wiki mbili za mwanzo parasetamoli ilimtosha. Sasa wiki ya tatu ndipo maumivu yamegeuka. Mchana anavumilia. Usiku kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete vinawaka moto, shoti inapiga ghafla kutoka kiwikoni hadi kiganjani, na shuka tu likigusa kigasha upande wa ndani anaruka. Ameandikiwa gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, 300 mg usiku. Kliniki ijayo ni wiki ya sita.

Je, haya ni maumivu ya kupona au upasuaji umeharibika? Alaleje? Na mazoezi aanze na yapi bila kuichokoza neva?

Fizio_wa_Mikono

Pole kwa mgonjwa. Hapo kuna maumivu ya aina tatu, na kila moja lina njia yake, ndiyo maana dawa moja haiyatoshi.

La kwanza ni la kidonda: linavuta, linauma ukigusa mshono au ukinyoosha mkono, na kwa kawaida linashuka siku hadi siku ndani ya wiki mbili. Hilo ndilo parasetamoli ililolimudu.

La pili ni la neva yenyewe. Ile shoti na ule moto kwenye kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete uko mulemule kwenye njia ya neva ya ulna. Neva iliyobanwa muda mrefu ikifunguliwa, damu inarudi kuilisha, inavimba kidogo, na nyuzinyuzi zilizokuwa kimya zinaanza kupiga ishara ovyo, bila kuguswa na chochote. Wiki ya pili hadi ya sita ni kipindi cha kawaida kabisa cha hali hii. Usiku inazidi kwa sababu akili haina cha kuishughulisha, mkono umetulia, na mara nyingi kiwiko kimekunjwa bila mtu kujua. Maumivu ya namna hii peke yake si ushahidi kwamba upasuaji umeshindwa.

La tatu ndilo watu wengi hulikosea. Ngozi ya kigasha upande wa ndani haihudumiwi na neva ya ulna. Ina neva yake ndogo ya ngozi, ambayo matawi yake hukatiza pale pale kisu kinapopita kwenye kiwiko. Tawi likivutwa au likikatwa, ngozi ya hapo inakufa ganzi au inakuwa kali kiasi cha kutovumilia shuka. Kwa hiyo shuka likimrusha, usiseme neva kubwa imeharibika. Tafuta kwa ncha ya kidole, taratibu, karibu na kovu: kuna sehemu moja ndogo ambayo ukiigusa inapiga shoti kwenye kigasha? Kama ipo, iandike mahali ilipo na umwonyeshe daktari wiki ya sita. Mara nyingi hutulia kwa mazoezi ya kuizoesha ngozi, lakini ikibaki vilevile baada ya miezi mitatu, huenda tawi limeota fundo la neva. Daktari huthibitisha kwa kuchoma sindano ya ganzi mahali hapo na kuona kama maumivu yanaondoka kwa muda.

Kuhusu kulala. Kiwiko kisikunjwe kupita kiasi usiku. Chukua taulo la kuogea, lizungushe kiwikoni, ulifunge kwa bandeji laini iliyolegea, fundo likae upande wa nje wa mkono, mbali na kovu. Kiwiko kibaki kimekunjwa kidogo tu, digrii 30 hadi 45 kutoka kunyooka. Usikinyooshe kabisa, kwa sababu hapo ngozi ya mshono inavutwa na hatalala. Alale chali, mto chini ya mkono mzima, kiganja kiwe juu kuliko kiwiko na kiwiko juu kuliko moyo. Akitaka ubavu, alale wa kushoto na akumbatie mto. Kulalia upande uliopasuliwa bado.

Taulo likikaza hadi vidole vikawa baridi au ganzi ikaongezeka, limefungwa vibaya. Fungua, anza upya.

Mazoezi: kwanza hakikisha daktari hakuweka sharti la kutokunja kiwiko. Wapo wanaoruhusu kusogeza tangu siku za mwanzo, wapo wanaoweka banzi wiki mbili au tatu. Kama ameruhusiwa, aanze na vidole: afumbe ngumi kamili, anyooshe, atanue vidole na kuvirudisha, mara 10 kila saa akiwa macho. Hiyo inasukuma uvimbe kurudi juu, tena haivuti neva.

Halafu kuitelezesha neva. Msingi ni kwamba ncha moja ikivutwa, nyingine ilegezwe. Kiwiko kikikunjwa, kifundo cha mkono kielekezwe upande wa kiganja. Kiwiko kikinyooshwa, kifundo kiinuliwe nyuma. Polepole, mara 5, kwa awamu 3 kwa siku. Akianza kuhisi mchonyoto wa kwanza, arudi nyuma kidogo na hapo ndipo mpaka wake wa siku hiyo. Kosa kubwa ni kufanya kinyume, yaani kukunja kiwiko huku kifundo kimeinuliwa nyuma, na kung'ang'ania ili "neva inyooke". Hapo unaivuta pande zote mbili kwa pamoja, na usiku huo hatalala. Kipimo changu cha kazi ni hiki: dalili zikiongezeka na zikaendelea zaidi ya nusu saa baada ya zoezi, punguza nusu kesho yake.

Mfamasia_Zamu_Usiku

Niongezee upande wa dawa, kwa sababu hapo ndipo naona watu wanakata tamaa mapema.

Parasetamoli haifanyi kazi kubwa kwenye maumivu ya neva. Isiachwe kama kidonda bado kinauma, lakini msiitegemee kwa zile shoti. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 kwenda juu na ini zima, ni gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Angalieni pia dawa za mafua na vidonge vya mchanganyiko mlivyo navyo nyumbani, maana vingi vina parasetamoli ndani na watu huizidisha bila kujua. Ibuprofeni 400 mg mara 3 kwa siku baada ya chakula inasaidia uvimbe siku za mwanzo. Aiepuke kabisa mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, ugonjwa wa moyo, mjamzito au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Gabapentini 300 mg mara moja usiku ni dozi ya kuanzia tu. Kawaida daktari huipandisha hatua kwa hatua hadi 300 mg mara 3 kwa siku, na wengine huhitaji zaidi. Inagawanywa mara tatu kwa sababu utumbo una kikomo cha kuifyonza kwa wakati mmoja; ukimeza nyingi kwa mpigo, sehemu kubwa inapita bure. Ipeni wiki moja hadi mbili kwenye dozi inayofaa kabla ya kusema haifanyi kazi. Siku za kwanza kuna usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo akiamka usiku kwenda msalani akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Asiendeshe gari. Akitumia dawa ya kiungulia yenye alumini au magnesi, aache saa 2 kabla ya kumeza gabapentini.

Msipandishe dozi wenyewe. Na siku ya kuiacha, isikatwe ghafla, hata kama maumivu yamekwisha: ipunguzwe kwa angalau wiki moja, vinginevyo usingizi unapotea, wasiwasi unapanda, na maumivu yanaweza kurudi kwa nguvu.

Baadhi ya madaktari huchagua amitriptilini, 10 mg, saa mbili hivi kabla ya kulala ili asubuhi asiamke mzito. Inakausha mdomo, inafunga choo, na wanaume wenye tezi dume kubwa hushindwa kukojoa. Wenye shida ya mapigo ya moyo au presha ya macho wamwambie daktari kabla.

Moja la hatari kweli. Gabapentini ikichanganywa na tramadoli, kodeini, dawa za usingizi au pombe, upumuaji unaweza kushuka, hasa kwa mzee au mwenye ugonjwa wa mapafu. Na tramadoli pamoja na amitriptilini huongeza uwezekano wa degedege. Kama kuna kidonge cha tramadoli kilichobaki tangu siku ya upasuaji, kisirudishwe kwenye mzunguko bila daktari kujua. Mkimkuta amelala usingizi usioamshika vizuri, anapumua taratibu mno au midomo imebadilika rangi, hiyo ni dharura saa hiyohiyo.

Mlezi_Zamu

Asanteni sana. Nimeangalia: sehemu moja ndogo inayopiga shoti ipo kweli, upana kama wa ncha ya kidole, chini kidogo ya kovu. Nyumbani hakuna tramadoli.

Nina mengine. Jirani amesema awekewe barafu kiwikoni na kidole kichovywe maji ya moto ili ganzi iondoke. Ni sawa? Na hiyo kuizoesha ngozi inafanywaje hasa?

Muuguzi_Vidonda

Maji ya moto hapana kabisa, tafadhali. Ganzi ya neva haiondoki kwa joto, na kidole kisichosikia kinaungua bila yeye kujua. Malengelenge ya namna hiyo huonekana kesho yake, na hupona taratibu kuliko ya kidole kizima. Maji yoyote ayapime kwanza kwa mkono wa kushoto. Vikombe vya moto, pasi, sufuria na jiko avishughulikie kwa mkono mwingine au avae glavu nene. Kila jioni, kwenye mwanga mzuri, kagueni ukingo wa kiganja na kidole kidogo pande zote: mchubuko, alama nyekundu isiyoondoka baada ya dakika 20, lengelenge, kucha iliyopasuka. Ngozi ya sehemu yenye ganzi hukauka kwa sababu jasho linapungua, kwa hiyo ipakwe mafuta yasiyo na manukato mara mbili kwa siku ili isipasuke.

Barafu nayo ina masharti. Neva sasa ipo mbele, chini ya ngozi tu, haina mfupa wala msuli wa kuikinga na ubaridi. Ikiwekwa, izungushiwe kitambaa kikavu cha tabaka mbili, ikae upande ambao bado una hisia, dakika 10 zisizidi, na ngozi ikaguliwe katikati, dakika ya 5. Sehemu yenye ganzi isiguswe kwa barafu. Wengi wenye maumivu ya neva hawaipendi baridi hata kidogo. Akisema inazidisha, msilazimishe, kuinua mkono kunatosha.

Sasa dalili ambazo hazisubiri wiki ya sita.

Homa ya 38 au zaidi, wekundu unaosambaa kutoka kwenye mshono, joto, majimaji au usaha: siku hiyohiyo. Uvimbe mgumu unaokua haraka kiwikoni unaweza kuwa damu iliyojikusanya, nao unakandamiza neva upya. Vidole vikibadilika kuwa vyeupe au vya bluu, vikawa baridi, na maumivu yakazidi sana ukivinyoosha vidole kwa mkono mwingine, fungueni bandeji na taulo mara moja na mwende dharura. Nguvu ikipotea ghafla, kwa mfano jana alitanua vidole na leo hawezi, hiyo si sehemu ya kupona.

Kuna jingine linaloingia polepole na ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu linazoeleka machoni. Maumivu yanaacha njia ya ulna na kuenea kiganja kizima. Mkono unavimba, unabadilika rangi kuwa mwekundu au wa zambarau, unakuwa wa moto au wa baridi kuliko mwingine, unatoka jasho upande mmoja, vidole vinakakamaa, nywele au kucha zinaota tofauti, na yeye anaanza kuuficha mkono usiguswe na mtu. Hiyo inaweza kuwa hali ya maumivu makali ya kiungo ambapo mfumo wa fahamu umejipandisha kupita kiasi. Ikikamatwa mapema kwa mazoezi na dawa, matokeo ni bora zaidi kuliko ikiachwa miezi. Mkiziona mbili au tatu kati ya hizo kwa pamoja, pigeni simu kliniki ndani ya siku chache. Piga picha ya mikono yote miwili ikiwa kando kwa kando, mwanga uleule, mara moja kwa wiki. Picha hizo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Fizio_wa_Mikono

Kuizoesha ngozi kunafanyika hivi. Kusanya vitambaa vinne au vitano na uvipange kutoka kilaini kabisa hadi kinachokwaruza: pamba, hariri, fulana, taulo, kitambaa cha gunia. Anza na kile ambacho anakihisi lakini anakivumilia. Afanye mwenyewe kwa mkono wa kushoto, maana ubongo hukubali mguso unaoutarajia. Aanze kwenye ngozi iliyo sawa, aingie kwenye sehemu kali, atoke, arudi, mwendo uleule bila kusitasita. Dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku. Ukali ukishuka hadi ukawa wa kuvumilika bila kukunja uso, ndipo ahamie kitambaa kinachofuata, na hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa kwa kila hatua. Kugusa kwa kusitasita, juujuu, kunatekenya na kuchokoza. Mguso uwe thabiti kidogo.

Nguo yenye mkono mrefu, laini, inayoshika mwili bila kubana, inasaidia usiku kuliko kuacha kigasha wazi: shuka linasugua nguo badala ya ngozi.

Kovu lenyewe: kwa kuwa nyuzi zimetoka na kidonda kimefunga, akishakosa magamba yote aanze kulikanda kwa mafuta ya kawaida. Kidole gumba kibonyeze hadi ngozi ibadilike rangi kidogo, kizungushe, kisha kipeleke kwa kukatiza kovu, dakika 5, mara 3 kwa siku. Kile kisehemu cha shoti akizunguke pembeni kwanza, asikibonyeze katikati hadi kitulie. Lengo ni kovu lisigandamane na neva iliyo chini yake.

Halafu kuna kugongagonga. Mtamsikia mtu akisema agonge neva kila siku aone kama inapona. Kipimo hicho, kilichoelezwa na daktari Mfaransa Jules Tinel mwaka 1915, kina maana mikononi mwa mtaalamu: ukigonga juu ya neva na mchonyoto ukasikika chini zaidi kuliko mwezi uliopita, nyuzinyuzi zinasonga mbele. Lakini kugonga kila siku kunaichokoza neva bure. Waachieni kliniki.

Mnachoweza kupima nyumbani ni misuli. Mara moja kwa wiki, siku ileile: akipandishe kidole cha kati juu ya cha shahada, ashike karatasi kati ya kidole kidogo na cha pete huku wewe unaivuta, atanue vidole vyote mezani. Andika anaweza, anaweza kidogo, au hawezi. Pia tazama nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada kwa nyuma ya kiganja, kama imezama kuliko ya kushoto.

Na muda, maana hapa ndipo familia nyingi huumia moyo. Zile nyuzinyuzi zilizobanwa tu huamka ndani ya siku au wiki. Zilizokufa lazima ziote upya kutoka kiwikoni, na kasi yake ni kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi kwenye misuli midogo ya kiganja ni kama sentimita 25 hadi 30 kwa mtu mzima, yaani miezi 8 hadi 10 kabla ya kuona mabadiliko ya nguvu, bila kuhesabu siku za kuanza. Kwa hiyo maumivu ya usiku yanaweza kuisha mapema huku ganzi ya ncha ya kidole ikibaki muda mrefu. Misuli iliyokuwa imesinyaa kabla ya upasuaji huenda isirudi yote.

Mlezi_Zamu

Nimeelewa. La mwisho kabisa: anaona uvivu kukaa, anataka kuanza kunyanyua vitu.

Fizio_wa_Mikono

Kwa neva iliyohamishiwa chini ya ngozi, kwa sasa mkono huo ubebe kikombe, kijiko, simu, visivyozidi nusu kilo. Kuanzia wiki ya 4 hadi ya 6 kazi nyepesi za mezani. Mazoezi ya nguvu yaanze karibu wiki ya 6 baada ya daktari kumwona, na mizigo mizito kati ya wiki ya 8 na ya 12. Asiegemee kiwiko mezani wala kwenye mkono wa kiti. Neva imehama, haina kinga ileile ya zamani. Akiongea na simu muda mrefu, aishike kwa kushoto.

Wenye neva iliyozikwa chini ya msuli wasifuate ratiba hii. Kwao msuli ulikatwa na kushonwa, kwa hiyo kukunja kifundo cha mkono au kugeuza kiganja chini dhidi ya uzito husubiri zaidi, hadi daktari atakaporuhusu.

Msaidizi_Chumba_cha_Upasuaji

Niweke tahadhari kwa watakaosoma baadaye wakiwa na neva iliyokatika na kuunganishwa, si iliyobanwa. Kuitelezesha neva kulivyoelezwa hapo juu kusinakiliwe. Neva iliyoshonwa imeshikwa na nyuzi nyembamba kuliko unywele, na ikivutwa kabla haijashikana inaacha mwanya. Banzi hukaa kama wiki 3 mfululizo, hata kulala na kuoga, na halivuliwi kwa sababu maumivu yamepungua. Wakati huo kinachoruhusiwa ni kusogeza viungo vilivyo huru, na zoezi la kioo: kioo kikae katikati ya mikono, mkono mzima mbele yake, wenye ganzi nyuma yake, uguse na kusogeza ule mzima huku ukitazama taswira yake kana kwamba ndio ulioumia. Dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, ili ubongo usiisahau ramani ya kiganja wakati neva bado iko njiani. Kama ilipandikizwa neva kutoka mguuni, ganzi ya ukingo wa nje wa unyayo itatarajiwa, kwa hiyo huo nao ukaguliwe kila jioni pamoja na mkono, na asitembee peku.

Na kwa aina zote mbili: sigara iachwe angalau kipindi chote cha kupona. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, ile ileile inayoilisha neva.